Samadi na Udongo wa Chumvi: Kufungua Ardhi Bila Kuleta Ugonjwa Nyumbani

Ndugu msomaji,

Katika somo la leo tunatoka kidogo kwenye zahanati na kwenda shambani. Sababu yake ni ya afya. Sisi wahamasishaji wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba na mkanda wa kupimia mkono wa mtoto, tunauliza pia mtoto anakula nini. Mara nyingi jibu ni ugali au muhogo, na maharagwe yakipatikana. Mboga za majani zinakosekana. Mama anapoulizwa kwa nini, anaonyesha kiwanja kilicho nyuma ya nyumba: alipanda, mbegu hazikuota, au ziliota zikaungua ncha na kufa. Anasema, "Ardhi hii ina chumvi."

Wengi wameambiwa dawa yake ni kumwaga samadi. Jibu hilo ni la kweli nusu. Samadi ikitumiwa vizuri inaponya udongo. Ikitumiwa vibaya inaongeza chumvi, na tena inaweza kuleta kuhara, minyoo na magonjwa mengine ndani ya nyumba. Somo hili ni kwa wewe uliyevuka Mpondwe na kupewa kiwanja kidogo, na pia kwa mwenyeji wa Kasese au Bwera anayelima jirani yako.

MALENGO YA SOMO

Ukimaliza kusoma, uweze:
1. Kutambua kama shamba lako lina chumvi kweli.
2. Kueleza samadi inafanya kazi gani ndani ya udongo wa chumvi.
3. Kuivisha samadi na kuitumia bila kuhatarisha watoto.

1. JE, NI SHAMBA GANI LENYE CHUMVI?

Si kila shamba linalokataa mazao lina chumvi. Huku juu milimani, upande wa Bwera na kwenye miteremko ya Rwenzori, mvua ni nyingi na maji yanateremka kwa nguvu. Huko shida kubwa ni udongo kuchukuliwa na maji. Chumvi inatafutwa zaidi bondeni: upande wa Katwe, Kasenyi na Kikorongo, na mahali popote pa tambarare ambapo jua ni kali, mvua ni kidogo, na maji yanasimama bila kuondoka. Pia inaweza kuingia katika mashamba ya umwagiliaji ambayo yana mfereji wa kuleta maji lakini hayana mfereji wa kuyatoa.

Dalili zake ni hizi:
- Udongo ukikauka, unaona ukoko mweupe juu yake.
- Mbegu zinaota kwa mabaka: hapa zipo, pale hakuna kitu.
- Majani yanaungua ncha na kingo, ingawa udongo una unyevu.
- Mvua ikinyesha maji yanasimama siku nyingi. Udongo ni utelezi ukiwa na maji, na ni mgumu kama tofali ukikauka.

Dalili ya mwisho ni ya udongo wa magadi. Chumvi ya kawaida inachoma mmea. Magadi yanafanya zaidi: yanaharibu udongo wenyewe. Mara nyingi vyote viwili vinakaa pamoja.

2. KATWE INATUFUNDISHA NINI?

Watu wengi wa Kasese wanalijua ziwa Katwe. Lipo ndani ya shimo la volkano ya zamani. Chemchemi zinaleta maji yenye chumvi kidogo kidogo, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Jua linakausha maji, chumvi inabaki. Wachimba chumvi wanafanya vivyo hivyo kwa mikono yao: wanatengeneza vidimbwi pembeni mwa ziwa, wanaacha jua lifanye kazi, kisha wanavuna chumvi.

Sasa tazama shamba lako. Maji yanaingia kwa mvua au kwa ndoo. Kila maji yana chumvi kidogo ndani yake, hata kama huisikii mdomoni. Kama maji hayapati njia ya kwenda chini wala pembeni, yanakauka na jua na kuacha chumvi juu, mahali pale pale penye mizizi. Shamba lisilo na njia ya kutokea maji ni kidimbwi kidogo cha Katwe. Tofauti ni kwamba kule chumvi inatafutwa, na hapa inatunyima chakula.

Jambo hili si la kwetu tu. Katika uwanda wa Kahe, chini ya Moshi huko Tanzania, wakulima wanapambana na udongo wa magadi. Pakistan, katika bonde la mto Indus, mashamba mengi ya umwagiliaji yaliharibika kwa njia hiyo hiyo: maji yaliletwa, njia ya kuyatoa haikutosha.

3. PIMA UDONGO WAKO NYUMBANI

Vipimo hivi viwili havihitaji pesa.

Kipimo cha glasi. Chukua kidonge cha udongo mkavu, ukubwa wa punje ya mahindi. Kiweke taratibu ndani ya glasi yenye maji safi ya mvua. Usitikise. Tazama baada ya dakika 10, kisha baada ya saa 2.
- Kidonge kikibaki kizima: udongo umeshikana vizuri.
- Kikivunjika vipande lakini maji yakabaki safi: udongo umekosa mboji. Samadi itakusaidia haraka.
- Kikizungukwa na wingu kama maziwa: hapo kuna magadi. Kazi itakuwa ndefu zaidi.

Angalia jambo moja. Udongo wenye ukoko mweupe mwingi unaweza kuonyesha maji safi leo, halafu ukaonyesha wingu baada ya mvua kuosha chumvi ya juu. Kwa hiyo rudia kipimo hiki baada ya kila msimu wa mvua.

Kipimo cha shimo. Chimba shimo la sentimita 30. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na uhesabu saa. Kama ujazo wa pili bado upo kesho yake, udongo wako umeziba. Usianze kwa kupanda. Anza kwa kufungua.

Ukipata nafasi, muulize afisa kilimo wa eneo lako kuhusu kupima udongo katika maabara. Maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo iko Kawanda, karibu na Kampala. Wakulima wa eneo moja wanaweza kuchangia gharama kwa pamoja.

4. SAMADI INAFANYA KAZI GANI?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Samadi hailambi chumvi wala haiigeuzi kuwa kitu kingine. Chumvi inaondoka kwa njia moja kuu: kuoshwa na maji yaende chini, mbali na mizizi. Kazi ya samadi ni kufungua mlango ili maji yapite.

Udongo mzuri una chembe ndogo zilizoshikana kuwa vidonge, na kati ya vidonge kuna matundu ya kupitisha maji na hewa. Madini ya kalsiamu yanasaidia chembe za mfinyanzi kushikana. Magadi yana sodiamu, ambayo inazifanya chembe hizo kuachana. Zikiachana zinaingia katika matundu na kuyaziba, kama vumbi linavyoziba kitambaa cha kuchujia maji. Mvua ikija haipenyi.

Samadi iliyoiva inawalisha wadudu wadogo na kuvu wa udongoni. Wao wanatoa utando kama gundi unaokamata chembe na kuzirudisha kuwa vidonge. Minyoo ya ardhini nayo inatoboa njia. Samadi inapooza inatoa asidi kidogo inayoyeyusha chokaa iliyopo udongoni, na kalsiamu inaanza kuchukua nafasi ya sodiamu. Matundu yanafunguka, mvua inapenya, chumvi inashuka.

Basi kumbuka mambo matatu yanayokwenda pamoja: samadi ya kufungua, maji ya kuosha, na mfereji wa kutokea. Ukikosa moja, mawili mengine hayatoshi.

5. SAMADI IPI, NA KUTOKA WAPI?

Samadi zote zina chumvi ndani yake, lakini hazilingani. Ya kuku ina nguvu na chumvi nyingi zaidi. Ya mbuzi na kondoo inafuata. Ya ng'ombe ndiyo nyepesi, na ndiyo inayofaa zaidi kwa udongo wetu huu. Ng'ombe wengi wa bondeni wanalambishwa chumvi, na chumvi hiyo inatoka kwa mkojo. Kwa hiyo zoa mavi makavu yaliyochanganyika na nyasi. Acha tope la zizi lililolowa mkojo. Litafaa shamba la mlimani lisilo na chumvi.

Kama huna mifugo, zungumza na mfugaji kwa heshima. Wengi wanahitaji mabua ya mahindi na majani ya maharagwe wakati wa kiangazi. Unaweza kumpa mabua, naye akupe samadi. Usiingie ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth kuzoa kinyesi cha viboko au tembo. Ni kosa la sheria, na ni hatari kwa maisha yako.

TAHADHARI KUBWA: usichukue samadi katika zizi ambalo mnyama amekufa ghafla, hasa akitoka damu puani au mkunduni. Huenda ni kimeta. Ugonjwa huu uliua viboko wengi katika hifadhi hiyo mwaka 2004 na 2005, na tena mwaka 2010. Mbegu zake zinakaa udongoni miaka mingi sana. Usimpasue mnyama huyo, usile nyama yake, usiguse ngozi. Mjulishe afisa mifugo mara moja. Kondo la ng'ombe aliyezaa au aliyetoa mimba lisitiwe katika lundo la samadi, na lisiguswe kwa mikono mitupu, kwa sababu ya ugonjwa wa brusela.

6. KUIVISHA SAMADI

Samadi mbichi ina vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo, na inaunguza mizizi. Iivishe hivi:

a) Chagua mahali pa kivuli, palipoinuka, upande wa chini wa nyumba. Pawe mbali na kisima au bomba, angalau mita 30.

b) Panga tabaka: majani makavu na mabua yaliyokatwa, kisha samadi, kisha majani mabichi. Rudia mpaka lundo lifike urefu wa mita 1 hadi 1 na nusu, na upana kama huo. Lundo dogo halipati joto.

c) Nyunyiza maji kiasi. Ukikamata mkononi na kukamua, liwe kama kitambaa kilichofuliwa na kukamuliwa, lisidondoke.

d) Funika kwa majani ya migomba au turubai kuukuu. Nzi wasipate mahali pa kuzalia.

e) Choma fimbo ndefu katikati ya lundo. Baada ya dakika 10 ichomoe uishike. Ikiwa ya moto hata huwezi kuishika kwa muda, lundo linafanya kazi. Joto la nyuzi 55 likikaa siku kadhaa linaua vijidudu vingi. Nje ya lundo hakuna joto hilo, kwa hiyo geuza kila baada ya wiki moja au mbili, ya nje iingie ndani.

f) Subiri miezi 3 au 4. Samadi iliyoiva ni nyeusi, inavunjika, na inanuka kama udongo wa msituni.

Usitie ndani kinyesi cha binadamu, wala cha mbwa au paka. Mayai ya minyoo ya binadamu ni sugu, na lundo la nyumbani halitoshi kuyaua.

7. KAZI YA SHAMBANI

Tuchukue mfano wa kiwanja cha mita 5 kwa mita 4, yaani mita 20 za mraba.

Hatua ya kwanza: chimba mfereji upande wa chini, kina cha sentimita 50 au zaidi, unaotoa maji mpaka mahali ambapo hayatamdhuru jirani. Usiache maji yasimame ndani yake, maana mbu watazaa humo.

Hatua ya pili: tandaza samadi iliyoiva, kilo 2 kwa kila mita ya mraba. Kwa kiwanja chetu ni kilo 40, karibu ndoo 4 za lita 20. Ichanganye na udongo mpaka sentimita 15 au 20 chini. Usiiache juu tu.

Hatua ya tatu: inua kingo ndogo kuzunguka kiwanja ili mvua isikimbie juu juu, ipenye. Fanya kazi hii kabla ya mvua za Machi au za Septemba.

Kwa nini tunangoja mvua? Piga hesabu nami. Ili kupunguza chumvi ya juu kwa kama nusu, kwa kawaida yanahitajika maji ya kina cha sentimita 15. Kwa mita 20 za mraba, hizo ni lita 3,000, yaani jerikani 150 za lita 20. Kiwango cha chini cha maji wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 5 inapata lita 75. Basi kuosha kiwanja hicho kwa maji ya bomba ni kumwaga maji ya familia ya siku 40. Hakuna mama anayeweza kufanya hivyo, wala hatumshauri. Lakini mvua moja kubwa ya milimita 30 inaleta lita 600 juu ya kiwanja hicho hicho bila mtu kubeba kitu kichwani. Mvua tano za namna hiyo zikipenya zote, kazi imefanyika. Kwa sababu hiyo lundo la samadi linaanzishwa wakati wa kiangazi, liwe tayari mvua ikifika.

Hatua ya nne: baada ya mvua za kwanza, bomoa kingo na tengeneza matuta. Panda kwenye mabega ya tuta, si kileleni, kwa sababu chumvi inapanda na kukusanyika kileleni.

Hatua ya tano: funika udongo kwa nyasi kavu. Jua likipungua juu ya udongo, chumvi haivutwi kupanda tena.

Kama kipimo cha glasi kilionyesha wingu zito, samadi peke yake inaweza isitoshe. Muulize afisa kilimo kuhusu jasi, ambayo inaleta kalsiamu. Usiweke chokaa ya kupaka ukuta ukidhani ni jasi.

8. TUSIYOPASWA KUFANYA

- Usimwage majivu ya jikoni katika udongo huu. Mlimani majivu yanafaa, lakini hapa yanaongeza magadi.
- Usimwagilie kwa maji ya kufulia yenye sabuni. Sabuni ya unga ina sodiamu nyingi. Tumia maji ya kuoshea mboga au ya kusuuzia ya mwisho.
- Usimwagilie kidogo kidogo kila siku juu juu. Mwagilia kwa nafasi, lakini maji yafike chini.
- Usizidishe samadi ukidhani itaharakisha kazi.

9. PANDA NINI KWANZA?

Maharagwe, karoti na vitunguu ni vya kwanza kuumizwa na chumvi. Tunayapenda maharagwe, lakini yasubiri. Anza na mtama, spinachi na dodo, ile ambayo ndugu wa Kongo wanaiita lengalenga. Nyanya na mahindi yanafuata udongo ukianza kufunguka. Kupona kwa udongo kunachukua misimu miwili, mitatu au zaidi, na kila mwaka unarudisha samadi. Wakati unasubiri, jaza gunia kwa udongo mzuri na samadi iliyoiva, upande dodo pembeni na juu. Magunia mawili au matatu karibu na mlango yanaweza kutoa mboga za watoto huku kiwanja kinatibiwa.

10. KUJIKINGA UNAPOSHIKA SAMADI

- Vaa viatu, gambuti zikipatikana. Funika kila kidonda.
- Vijidudu vya pepopunda vinakaa katika mavi ya wanyama na udongoni. Ukijikata au kuchomwa na msumari, osha kwa sabuni na uende kituo cha afya. Mama mjamzito ahakikishe amepata chanjo yake.
- Kamwe usipake mavi ya ng'ombe, majivu wala udongo kwenye kitovu cha mtoto mchanga.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika, kula au kunyonyesha.
- Kama mtu amekwisha tumia samadi mbichi, angoje. Marekani, sheria ya kilimo hai inataka siku 120 zipite kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa zao lisilogusa.
- Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi salama. Dodo lipikwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jirani amemwaga samadi nyingi, lakini shamba lake halina mfereji na maji yanasimama. Je, chumvi itapungua?
2. Kwa nini tunaanza lundo wakati wa kiangazi?
3. Ng'ombe wa mfugaji amekufa ghafla jana. Anakupa samadi ya bure. Utafanya nini?

MAJIBU

1. Hapana. Maji yatakauka na kuacha chumvi ile ile pamoja na ya samadi. Msaidie kuchimba mfereji kwanza.
2. Ili samadi iwe imeiva na imechanganywa kabla ya mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayoosha.
3. Kataa kwa upole, usimguse mnyama, na umjulishe afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, kama hujui kusoma vizuri mwombe mtoto wa shule akusomee somo hili, kisha mfanye wote kipimo cha glasi. Matokeo mtuonyeshe tutakapopita nyumbani.